Honi mbili za sinema za marehemu babu: nianzie wapi?

BintiMkunazini

Asalaam aleikum. Babu yangu mzaa mama alikuwa akiendesha mashine za sinema hapa mjini. Alipofariki tulikuta darini, chini ya magunia, honi mbili za alumini (midomo mipana ya spika) zilizoandikwa Altec Lansing 511B, kila moja na yuniti yake, yaani kitoa sauti, nyuma. Yuniti zimeandikwa 802D, omu 16. Makasha ya besi hayapo, mchwa waliyamaliza zamani.

Yuniti moja niliifunga kwenye amplifaya ya kaka yangu. Ilikwaruza, kisha sauti ikawa kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nikazima. Ya pili sijaigusa. Honi zenyewe ukizigonga kwa kidole zinalia kama sinia.

Chumba changu ni cha ghorofani, upana mita tatu na kitu, urefu saba. Sitaki kutikisa mtaa, nataka kusikiliza santuri zake za taarab, ikiwemo moja ya Siti binti Saad. Fundi mmoja kaniambia nitupe yuniti ninunue spika mpya. Mwengine kasema ninyunyizie mafuta ya kutu. Nimekataa yote mawili mpaka nimpate anayejua.

FundiMalindi

Waalaykumu salaam mwanangu. Umefanya vyema kukataa, hasa hayo mafuta. Yangeingia kwenye mwanya wa sumaku na usingeyatoa tena.

Ndani ya 802 mna kuba jembamba la alumini, ndiyo diaframu, na koili yake, yaani waya uliozungushwa, imekaa kwenye mwanya mdogo sana. Kuba linausukuma upepo kwenye koo la inchi moja, honi inaupokea na kuupanua. Mkwaruzo maana yake kuna kitu mwanyani, mara nyingi chembe za kutu, au diaframu imehama mahali pake. Pia ulipoifunga moja kwa moja uliipa besi isiyokuwa yake. 511B imefanywa kubeba kuanzia hezi 500 kwenda juu. Chini ya hapo kuba linarukaruka bure bila kuzuiwa, na huko ndiko linakopasukia.

Kwanza pima koili kwa mita. Itasoma chini ya 16, usishtuke. Muhimu zote mbili zikaribiane. Isiposoma kabisa, koili imekatika.

Kisha fungua kifuniko cha nyuma. Sasa nisikilize vizuri. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi bisibisi ilinitoka mkononi, sumaku ikaivuta, ikatoboa kuba la mtu. Mwenyewe hakunigombeza, akakaa tu anaitazama. Tangu siku hiyo navua saa, bisibisi naishika kwa mikono miwili, na chuma chochote nisichokitumia nakiweka meza nyengine. Nawe fanya hivyo. Tia alama ya penseli kabla hujalegeza skrubu, ili diaframu irudi ilivyokaa, na chunga zile nyaya mbili nyembamba. Sumaku yenyewe usiibandue kamwe. Hizo ni za alniko, ukizitenganisha na chuma chake nguvu inapungua, na kuirudisha kunataka mashine maalumu.

Mwanya usipulizwe kwa mdomo. Chukua mkanda wa karatasi wa wapaka rangi, ukunje gundi iwe nje, upitishe mwanyani taratibu pande zote. Rudia na mkanda mpya mpaka utoke mweupe. Kuba ulitazame kwenye mwanga: likiwa na unga mweupe na vitundu, chumvi ya bahari imeshalila, litahitaji diaframu mpya. Za 802 bado zinapatikana kwa kuagiza.

Ukifunga tena, weka kapasita ya filamu ya mikrofaradi 10 kwenye waya mmoja kabla ya yuniti. Kwa omu 16 inakata karibu na hezi 1,000, inatosha kwa majaribio. Piga sauti ndogo, na skrubu uzikaze kidogo kidogo kwa kupishana huku unasikiliza. Ikikwaruza, legeza, sogeza kidogo, kaza tena. Kazi hii haitaki haraka, mimi huifanya baada ya Isha mtaa ukishatulia.

Ule mlio wa sinia unatibika. Paka honi kwa nje dawa ya lami wanayopaka chini ya magari, tabaka mbili. Ndani ya mdomo usiguse.

MtuWaWete

Dada, mimi niko Pemba na nina honi ndogo. Kasha nililichongesha kwa plaiwudi ya milimita 18, miguu minne nimeisimamisha kwenye makopo yenye mafuta ya taa kidogo. Mchwa hawajapanda. Ukishamaliza kusikiliza, funika midomo kwa kanga. Msimu wa kusi upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini.

BintiMkunazini

Ahsanteni sana. Mita imesoma zote mbili, zinapishana chini ya omu moja. Ile iliyokuwa ikikwaruza mkanda wa kwanza ulitoka mweusi na chembe za kutu, wa sita ukatoka mweupe. Kuba lake zima. La yuniti ya pili lina unga mweupe ukingoni na vitundu viwili. Hiyo nimeifunga na kuiweka.

Ile nzima imelia, Ami! Hakuna mkwaruzo. Nimeiweka na spika ya besi ya inchi 15 ya kuazima, lakini honi inaifunika besi kabisa, na chumba kinarudisha sauti kama hodhi tupu.

FundiMalindi

Alhamdulillahi. Honi kuizidi besi ni kawaida yake. Ikizidi kwa desibeli 10, maana yake yahitaji moja ya kumi tu ya nguvu. Tia kipunguzi cha risista baina ya krosova (kile kinachogawa besi na sauti za juu) na yuniti, ushushe mpaka sauti ya mwimbaji na dumbak zikae pamoja. Amplifaya ya wati tano inakutosha na kubaki.

Chumba chako ni vile vyumba vyetu vya mawe, vyembamba kwa sababu boriti za mikandaa hazifiki mbali. Honi hiyo hutawanya sauti zaidi ubavuni kuliko juu na chini, na kuta za chokaa zinairudisha. Tundika busati au zulia ukutani pande zote mbili, usawa wa mdomo wa honi, na magodoro na mito usiyaondoe.

Halafu, mwanangu, usiumie kwa ile yuniti ya pili. Santuri za zamani kama hiyo ya Siti, za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, ni za sauti moja, hazina kulia wala kushoto. Spika moja nzima inakutosha mpaka diaframu ifike. Kasha la besi lisogeze kwenye kona ya chumba, ukuta wa upana mdogo, kuta mbili zitalisaidia. Honi iweke juu yake, uivute nyuma mpaka yuniti ilingane na koili ya besi. Kwa joto letu kila sentimita 35 ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na sikio linalijua hilo kwenye dumbak.

Na kabla hujaishusha sindano juu ya Siti, hakikisha ni sindano ya 78. Ni nene kama mara tatu ya ile ya santuri kubwa za kisasa. Nyembamba itaburura chini ya mfereji, na santuri hiyo huna ya pili.