Naomba ushauri: nimwekee papa jazz gani Jumapili?

BintiKatuba

Jambo yenu wote. Naomba mnisaidie kabla ya Jumapili.

Papa (baba) yangu ana miaka 73. Ujana wake wote alipiga tarumbeta katika fanfari (bendi ya tarumbeta na ngoma) ya parokia hapahapa Lubumbashi, na harusi za Katuba walikuwa wanamfuata nyumbani. Miaka kumi iliyopita meno ya mbele yalianza kulegea, akang'olewa manne, na tangu siku hiyo hajaweka mdomo kwenye chombo. Tarumbeta imetundikwa ukutani chumbani mwake. Kila Jumamosi anaishusha, anaipangusa kwa kitambaa, anairudisha. Kitufe cha kati kimeganda chini, hakipandi tena.

Mimi jazz ilinipata chuoni na haijaniacha. Natamani tuisikilize pamoja, mimi na yeye. Mwezi uliopita nilijaribu nikaharibu. Nilimwekea *Ascension* ya mpiga saksofoni John Coltrane kwa sababu ndiyo iliyonitoa mimi machozi: wapigaji kumi na mmoja, karibu dakika arobaini. Papa alivumilia dakika sita hivi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa wanagombea nini?" Kisha akasema jazz yeye anaijua: OK Jazz na African Jazz. Akaenda kulala.

Nataka rekodi nne au tano tu. Nianze na zipi? Halafu, nimweleze anachosikia au ninyamaze? Nina spika ndogo ya kuchaji na mega zangu za mtandao ni za kuhesabu.

Yaya_Mado

Mdogo wangu, pole. Hiyo *Ascension* ya 1965 iliwagawa hata watu waliokuwa wamemfuata Coltrane miaka yote, usimlaumu papa.

Mwekee "Moanin'" ya Art Blakey na Jazz Messengers, ya 1958. Piano ya Bobby Timmons inaita peke yake, kundi zima linaitikia kwa sauti mbili tu, kama waumini wanavyoitika "Amina". Inaita tena, wanaitika tena. Mtu aliyekulia parokiani hahitaji kuelezwa kitu hapo. Na baada ya wito huo anayetangulia ni Lee Morgan na tarumbeta yake, kijana wa miaka 20, anapiga kama mtu aliyeingia na habari mkononi.

Mzee_wa_Likasi

Binti, papa yako hakukosea. Kwetu neno jazz lilikuwa na maana ya orkestra. African Jazz ya Kabasele, OK Jazz iliyoanza 1956, hata ndugu zetu wa Tanzania walikuwa na Morogoro Jazz na Western Jazz. Usimwambie kwamba ile si jazz. Utakuwa umemnyang'anya kitu chake.

Mimi ningeanzia nyumbani. Mwekee "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, ile ambayo Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo, aliirekodi hapa Likasi mwaka 1952, mji ukiitwa Jadotville. Gitaa moja, mtu mmoja, na unasikia mikono ya watu wawili. Kila mzunguko anabadilisha kitu kidogo. Mwambie papa asikilize hayo mabadiliko tu. Akitoka hapo, mpe "St. Thomas" ya Sonny Rollins ya 1956. Ule wimbo Rollins aliusikia kwa mama yake, ambaye asili yake ni visiwa vya Karibi, na mapigo ya Max Roach pale mwanzoni yatamwamsha mtu yeyote aliyecheza chacha ujanani. Saksofoni inachukua vipande viwili vya sauti, inavigeuza juu chini, inavirusha, inavidaka. Sisi hiyo tunaiita sebene, pale gitaa linapoachiwa lichezeshe watu. Gitaa la Docteur Nico wa African Jazz lilikuwa likifanya kazi hiyohiyo.

FundiBafle_Kenya

Mimi natengeneza bafle na redio katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, niseme la spika kwanza. Spika hizo ndogo hazina besi. Ukimwekea "So What" ya Miles Davis, pale mwanzo ni besi ya Paul Chambers ndiyo inayouliza swali na wenzake wanaojibu. Kwenye spika yako swali halitasikika, papa atasikia majibu matupu. Iweke juu ya meza ya mbao, pembeni kabisa ambapo kuta mbili zinakutana, na usiijaze sauti mpaka mwisho. Pembe itakuongezea besi bila franga moja. Pakua usiku, umeme ukiwepo, usitegemee mtandao saa ile ya Jumapili mchana.

Na uweke wimbo mmoja, mkae kimya kidogo, ndipo mwingine. Ukiziachia zifuatane, sikio la mzee litachoka.

MwanaKamalondo

Wakubwa wote wamesema vizuri, ila naona tunamsahau mtu mwenyewe. Huyu ni mpiga tarumbeta! Msimtafutie daraja la kumvusha, yeye yuko ng'ambo ile tangu zamani. Mpe tarumbeta.

Mpe "West End Blues" ya Louis Armstrong, ya Juni 1928. Inaanza bila ngoma, bila piano, bila mtu. Ni Louis peke yake kwa sekunde kumi na kitu: sauti nne kavu, kisha anapanda kama mtu anayekimbia ngazi, kisha anashuka polepole akizigusa zote. Rekodi ni ya zamani na ina mikwaruzo, mwambie mapema. Baadaye Earl Hines anapiga piano peke yake, na mwishoni kabisa Louis anashika sauti moja ya juu, anaishika tu, haitikisiki, karibu mapigo kumi na sita. Mimi nimeisikia pengine mara mia tatu na bado napofika pale naacha ninachofanya.

Papa atajua kazi ya midomo iliyo mle ndani. Na huyo Louis midomo yake ilichanika kwa kupiga, ikafanya makovu, hata ikabidi apumzike kwa miezi kadhaa alipokuwa Ulaya katikati ya miaka ya 1930.

Tena Louis alifika hapa kwetu. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilidhamini safari yake ya Afrika, akapiga Léopoldville (Kinshasa ya leo), akaja hadi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo. Papa yako alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Mwulize.

MwalimuRuashi

Si kwa ajili ya papa, ni kwako wewe BintiKatuba, uliyeipenda *Ascension*: tafuta *Mwandishi* ya Herbie Hancock ya 1971. Kundi zima walijipa majina ya Kiswahili. Herbie ndiye Mwandishi, Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson aliitwa Mganga, na kweli alisomea udaktari. Wimbo wa kwanza kila mzunguko wake una mapigo kumi na tano, utapotea mara nyingi kabla ya kuukamata. Kuna pia *Uhuru Afrika* ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwaka ule wa 1960, na ndani yake kuna maneno ya Kiswahili. Naiwekea darasa langu, na wanafunzi wanashtuka kusikia lugha yao mle.

Muuguzi_Bukavu

Naandika toka Bukavu. Nimesoma habari ya meno nikashindwa kupita bila kusema neno.

Mpiga tarumbeta Chet Baker alipigwa na watu mwaka 1966, meno yakaharibika, akaja kuwekewa ya bandia. Kwa mpiga tarumbeta hiyo ni kama kumkata fundi cherehani vidole. Alikaa muda mrefu bila kupiga, ikabidi ajifunze upya namna ya kuweka midomo. Mwaka 1974 akatoa *She Was Too Good to Me*. Hapigi kwa nguvu. Anapiga chini, taratibu, pumzi inasikika kandokando ya sauti, na mara nyingine anaiweka tarumbeta chini na kuimba kwa sauti ileile.

Usimweleze papa habari ya meno kabla. Mwache asikie kwanza, umwambie wimbo ukiisha.

BintiKatuba

Asanteni sana, wakubwa kwa wadogo. Narudi kuwapa habari.

Tulikaa jana baada ya misa na bukari (ugali). Spika niliiweka pembeni juu ya kabati la vyombo, na ni kweli, besi ilitoka. "Masanga" aliiimba yote, sikupata hata nafasi ya kusema kitu. "Moanin'" alitikisa kichwa na kuitikia pale wanapoitikia. "So What" haikumwingia, akasema ni muziki wa mtu aliyekwisha kula na kulala. Nimekubali, ingawa mimi naipenda hivyohivyo.

Kwenye "West End Blues" aliinua mkono nisiongee. Nilimwangalia vidole: vitatu vya kulia vilikuwa vinabonyeza paja, kimoja kimoja, kama vitufe. Ilipofika ile sauti ndefu ya mwisho alizuia pumzi pamoja na Louis, mishipa ya shingo ikamtoka, akaiachia pamoja naye. Akasema, "Rudisha." Nilirudisha mara nne. Habari za 1960 alisema hakumwona, walikatazwa kutoka nje siku zile, lakini ndugu yake mkubwa alizisimulia mpaka alipokufa.

Ya Chet nilimwekea mwisho. Alisema, "Huyu anaogopa kitu." Ndipo nikamwambia habari ya meno. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani nimemuumiza. Kisha akauliza, "Alijifunza tena akiwa na miaka mingapi?" Nikamwambia alikuwa na arobaini na kitu alipotoa hii. Akasema yeye ana sabini na tatu. Asubuhi hii nimekuta tarumbeta iko mezani, na yeye anaulizia chupa ya mafuta ya kupikia kwa ajili ya kile kitufe.

FundiBafle, ni sawa?

FundiBafle_Kenya

Hapana! Mzuie sasa hivi. Mafuta ya kupikia yananata, yataganda na kitufe hakitatoka kabisa. Na asishike koleo, bomba lile ni jembamba, likibonyea kidogo tu limekwisha. Afungue kifuniko cha chini kwa mkono, aiweke sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka jioni, kisha akisukume taratibu toka chini kwa kidole. Kikigoma, aache.

Jumamosi niko kibandani kuanzia saa mbili asubuhi, nina mafuta yale mepesi ya vyombo. Mwambie aje mwenyewe, nataka anionyeshe kama kinarudi sawasawa. Mimi kupiga sijui.