Wasifu wa mama mkubwa unasomwa jumamosi, hakuwa na ajira wala mtoto wa kumzaa, niandike nini?

mwambao_kgm:
Habari za saa hizi wakuu. Tuna msiba hapa Kigoma, mama yetu mkubwa katutoka juzi usiku, tunazika jumamosi baada ya misa, na kwenye kikao cha jana mimi ndo nikapewa kuandika wasifu wa marehemu eti kwa kuwa nimesoma. Wakanipa karatasi ya msiba mwingine niifuate. Nimekaa nayo tangu asubuhi naangalia. Kuzaliwa, sawa. Elimu, aliishia darasa la nne. Ajira hakuna, alikuwa anaanika dagaa wa watu pale Kibirizi analipwa kwa siku. Ndoa, mume alifariki mapema sana. Watoto, hakujaliwa. Ugonjwa, mistari miwili. Nikiifuata hiyo karatasi inakuwa kama mtu alipita tu hapa duniani, wakati huyu mama ndo alikuwa anafungua kigango kabla hakujapambazuka, anafagia, vitambaa vya altare anafua kwake kwa sabuni yake, mgonjwa asiye na ndugu wodini anapelekewa uji, na mwanamke akifa hana wa kumuosha anaitwa yeye hata saa saba ya usiku, hajawahi kudai hata nauli. 2015 wakimbizi walivyojaa pale uwanjani alikuwa anaenda kila siku na daftari lake kwapani, sisi nyumbani tunaogopa kipindupindu yeye anaenda. Sasa hayo yanakaa kipengele gani? Baba mdogo anasema dakika tano, ukurasa mmoja, nisibadilishe mpangilio. Naombeni ushauri, naandika lakini machozi hayaniachi.

Isevya_kwetu:
Pole sana ndugu yangu, Bwana awatie nguvu. Huo mpangilio ni mazoea tu, hakuna aliyeuamuru. Hapa Tabora tulizika mzee aliyekuwa mgonga kengele wa kanisa letu, tukaacha yale ya mcheshi, mchapakazi, mpenda watu (kila marehemu anaandikwa hivyo hivyo, watu hata hawasikilizi), tukasoma wiki yake moja tu. Jumatatu anaenda kwa nani, alhamisi yuko wapi, jumamosi anabeba nini. Kanisa lilinyamaza hadi unasikia bati. Ila wahi kuongea na katekista leo, kwetu wasifu hausomwi ndani ya mahubiri, unapewa nafasi yake, na kuna paroko anakata kabisa ukizidisha. Baba mdogo mpe heshima yake, msomee wewe mwenyewe kabla haujachapwa.

mama_jumuiya:
Mwanangu pole. Mimi ni WAWATA (umoja wa wanawake wakatoliki), niko parokia nyingine, nakuomba kitu kimoja, hapo kwenye watoto usipaache wazi na usiandike hakujaliwa. Mama wa aina hiyo lazima kasimamia ubatizo wa watoto wengi, hasa wale ambao wazazi wao hawakuwa na ndugu karibu. Leja ya ubatizo iko parokiani na msimamizi anaandikwa mle, nenda kamuombe katibu akufungulie. Wale ndo watoto wake, wengine saa hizi wana wajukuu. Waambieni mapema wakae mbele pamoja na familia, na kwenye kuweka mashada waitwe kama watoto.

natoka_Kasulu:
Samahani naingilia. Huyo mama wa daftari, alikuwa mfupi, anaongea taratibu, anafunga kanga mbili? Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Mwezi wa tano 2015 tumetoka Burundi, tumelala ufukweni Kagunga hatuna choo hatuna maji ya maana, watu wanaharisha wanakufa, pale hakukuwa na gati ya meli ndo tukapelekwa kwa mitumbwi hadi kwenye meli ya Liemba, tukashushwa Kigoma tukawekwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Mdogo wangu alikuwa amelegea kabisa. Kuna mama alikaa chini na mama yangu akamuonyesha, maji lita moja yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, mpe kidogo kidogo usichoke hata akitapika, halafu akaandika jina la mtoto kwenye daftari, kesho yake akarudi akaita jina lile lile. Kwa kipindi kile hakuna mtu alikuwa anatuita majina. Mdogo wangu yupo, ni fundi cherehani. Kama ndo yeye naomba mniambie, nije jumamosi.

mwambao_kgm:
Ndo yeye. Njoo ndugu, tafadhali njoo.

mzee_wa_reli:
Poleni wafiwa. Mimi naongeza kidogo, msimfanye malaika. Kama alikuwa mkali andika alikuwa mkali, watu waliomjua wakisikia sifa tupu wanajua mmemuandika mtu mwingine. Na pale mwisho wa familia kutangaza anayemdai marehemu ajitokeze, msilipite haraka haraka, watu wa kujitolea hivi mara nyingi wanakopa kwa ajili ya wengine.

mwambao_kgm:
Nimerudi, asanteni sana. Ukali nimeuandika, aliwahi kumrudisha mwenyekiti wa jumuiya getini kwa kuja kumuona mgonjwa mikono mitupu, na baba mdogo kacheka mwenyewe nilivyomsomea, kakubali tubadilishe, dakika kaongeza ziwe kumi. Leja tumeifungua na mama katibu hatujamaliza, majina ni mengi, yanaanzia kabla mimi sijazaliwa. Daftari nalo tumelipata chini ya godoro. Kurasa zote ni majina ya watu na namba ya wodi, ukurasa wa mwisho kaandika sukari kilo mbili, sabuni mche mmoja, na jina la duka la hapo mtaani. Nimeenda kulipa leo asubuhi. Mwenye duka alikuwa hajasikia msiba, kafunga duka tukaja wote nyumbani.