Kondensa ya AC ya Toyota IST: nibadilishe mwenyewe nyumbani hadi hatua gani?

MkaziWaKigamboni ameuliza:

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninatumia Toyota IST ya mwaka 2004, na tangu mwezi uliopita AC yake inatoa upepo wa kawaida tu hata ninapoiweka kwenye baridi ya mwisho. Feni ya ndani inazunguka vizuri, lakini klachi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) haishiki kabisa. Fundi mmoja aliipima kwa geji akakuta gesi imekwisha, kisha akanionyesha alama ya mafuta kwenye kona ya chini ya kondensa, ile inayofanana na rejeta na kupoza gesi ya AC, na kuniambia kuwa imetoboka na haifai kuzibwa. Gharama ya kazi aliyonitajia inakaribia bei ya kondensa yenyewe.

Mimi si fundi, ila gari hili hili nimelibadilishia rejeta, pampu ya maji na pedi za breki nikiwa uani kwangu, kwa hiyo kufungua bampa hakunitishi. Ninaomba kujua mambo manne. Je, kazi hii ninaweza kuifanya mwenyewe hadi mwisho, au kuna mahali inanibidi niishie? Je, kondensa ya mtumba inafaa? Je, ni lazima niongeze oili? Na je, yale makopo madogo ya gesi yanayouzwa madukani pamoja na mpira wake yananitosha?

FundiMstaafuTanga amejibu:

Ndugu yangu, kabla hujagusa boliti hata moja, hakikisha kwamba tatizo ni kondensa kweli. Alama ya mafuta ni ushahidi mzuri, kwa kuwa oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi na hubaki pale gesi inapotorokea, lakini mafuta hayo hayo yanaweza kuanzia kwenye kiungo cha bomba huko juu, yakateremka polepole na kuonekana chini kana kwamba ndiko yalikozaliwa. Mwombe fundi mwenye mtungi wa naitrojeni autie mfumo shinikizo la wastani, kisha upake povu la sabuni kwenye viungo vyote na kwenye uso wa kondensa. Asitumie oksijeni ya kuchomelea hata kidogo, maana oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili inaweza kulipuka.

Ukishathibitisha, kazi ya spana ni yako na wala si ngumu kuliko ile ya rejeta. Ondoa bampa, ondoa vishikizo vya juu vya rejeta ili uisogeze nyuma kidogo, fungua mabomba mawili ya AC, kisha uitoe kondensa kwa juu. Mahali penye mtego ni zile boliti ndogo za mabomba. Boliti ni ya chuma, kiungo ni cha aluminiamu, nawe unaishi kando ya bahari. Chumvi ikishaingia kati ya metali hizo mbili, boliti hushikana na nyuzi zake kana kwamba imechomelewa. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, halafu ufungue kwa kwenda mbele na kurudi nyuma robo robo. Ukitumia nguvu, utang'oa nyuzi za bomba, na hapo utanunua bomba ambalo hukulipangia bajeti.

Usifungue bomba lolote kabla fundi hajathibitisha kwamba shinikizo limekwisha, hata kama umeambiwa gesi haipo. R134a, yaani gesi ya AC yako, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri, na ikikurukia machoni au mikononi hugandisha nyama papo hapo. Vaa miwani na glavu. Ikiwa bado ipo ndani, inyonywe kwa mashine badala ya kuachiwa hewani. Kilo moja ya gesi hii hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, na ndiyo sababu ilitiwa katika orodha ya gesi za kupunguzwa katika makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016.

Kondensa ya mtumba siipendekezi, na sababu yangu si uchakavu wa mapezi yake. Kondensa nyingi za aina hii zina mrija uliosimama pembeni, na ndani yake mna chembechembe za kukausha unyevu. Zile za mtumba hukaa rafuni miezi mingi midomo ikiwa wazi, chembechembe zikanywa unyevu wa pwani mpaka zikashiba. Nunua mpya yenye vifuniko vya mpira, na usivitoe vifuniko hivyo hadi dakika unayofunga mabomba. Mabomba ya gari nayo yafunge kwa nailoni na utepe mara tu unapoyafungua.

Kuhusu oili, ongeza mililita 30 hadi 40 kufidia ile iliyobaki ndani ya kondensa ya zamani, na iwe aina iliyoandikwa kwenye kompresa yako. Kompresa za Denso zinazotumia R134a kwa kawaida hutaka ND-OIL 8. Wenye Prius na Aqua msomao hapa, hii si yenu: kompresa zenu huendeshwa kwa umeme wa volti nyingi na hutaka ND-OIL 11, kwa kuwa ile nyingine hupitisha umeme na kuharibu kinga ya nyaya. Badilisha oringi (pete za mpira za viungo) zote ulizozigusa, chukua zilizotengenezwa kwa R134a, na uzipake oili ya kompresa hiyo hiyo kabla ya kuzifunga.

Ukishafunga kila kitu, ishia hapo. Kuvuta hewa na kujaza gesi mwachie mwenye pampu na mizani.

DerevaWaMikoani amejibu:

Kwa heshima ya mzee wetu, mimi ninaona tunamtisha mwenzetu bila sababu. Nilibadilisha kondensa ya Probox mwaka juzi, nikaunganisha kopo la gesi kwenye bomba la shinikizo dogo, nikawasha AC, na baridi ikaja bila pampu yoyote. Iliendelea vizuri zaidi ya miezi minne, ingawa baadaye ilianza kupoa na kuacha kupoa, na sasa kompresa ina kelele.

MhandisiWaNairobi amejibu:

Ndugu Dereva, nadhani sentensi yako ya mwisho imeijibu ile ya kwanza. Baridi inayokuja na kukatika ndiyo dalili tunayoitarajia kwenye mfumo uliofungwa ukiwa na unyevu ndani: maji yaliyobaki hugandia kwenye valvu ya ekspansheni, ile njia nyembamba ambapo gesi hupoa, gesi ikazuiwa, barafu ikayeyuka, kisha mzunguko ukaanza upya. Wakati huo huo maji hayo yanaichachusha oili na kutengeneza asidi inayokula kompresa. Hewa nayo haigeuki kimiminika ndani ya kondensa kama gesi inavyogeuka. Inakaa humo ikipandisha shinikizo, na kompresa inafanya kazi ya ziada kila unapoiwasha.

Pampu haiondoi hewa tu, huondoa na unyevu. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini ukivuta hewa mpaka geji isome inchi 29 za zebaki chini ya sufuri, huchemka kwenye nyuzi 25 hivi, kwa hiyo joto la kawaida la Kigamboni linatosha kuyageuza mvuke ambao pampu inautoa. Ndiyo maana fundi mwangalifu huiacha pampu ikinguruma nusu saa au zaidi hata kama sindano ilifika chini katika dakika tano, kisha hufunga geji na kusubiri aone kama sindano itapanda.

Kwa wenzangu wa nyanda za juu nina nyongeza, kwa sababu nimeona watu wakirudisha pampu nzima dukani. Hapa Nairobi hewa yenyewe ni nyepesi, na geji ya kawaida haiwezi kuvuka inchi 24 hivi hata pampu iwe bora namna gani. Hiyo ndiyo sufuri yetu, msiitafute 29.

Jambo la mwisho ni kipimo. Geji haipimi kiasi cha gesi. Gari likiwa limezimwa na joto la hewa likiwa nyuzi 30, mfumo wa R134a utasoma karibu 97 psi ukiwa na gesi kamili, na utasoma vivyo hivyo ukiwa na nusu yake, mradi kuna kimiminika kilichobaki. Kiasi sahihi kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti, na hupatikana kwa mizani tu. Katika gari dogo linalobeba gramu mia nne na kitu, kuzidisha gramu mia moja ni kosa kubwa.

FundiMstaafuTanga amejibu:

Nakubaliana naye, na kwa habari ya makopo naongeza neno moja: muulize fundi gesi yake inatoka wapi. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka baada ya kutiwa R134a bandia iliyochanganywa na kloridi ya methili, ambayo hushambulia aluminiamu. Kondensa yako na evaporeta yako (ile ya ndani inayopoza hewa) vyote ni aluminiamu. Mtungi wa bei ya kushangaza uuache dukani.

MkaziWaKigamboni amejibu:

Wazee wangu, ninarudi na majibu baada ya wiki mbili. Jaribio la naitrojeni lilionyesha povu kwenye kondensa peke yake, viungo vikiwa salama. Bampa na kondensa vilinichukua Jumamosi nzima, na saa tatu kati ya hizo ziliishia kwenye boliti moja ya bomba nene, ambayo ilitoka siku ya pili baada ya kunyunyiziwa mara nne. Nilinunua kondensa mpya na oringi sita, nikaongeza mililita 35 za oili, nikalipeleka gari kwa fundi mwingine mwenye pampu na mizani. Alivuta hewa dakika arobaini, akasubiri dakika ishirini, sindano haikusogea. Kipimajoto nilichokiweka kwenye tundu la katikati kilisoma nyuzi 8 tukiwa tunatembea jioni, na malipo yake yalikuwa chini ya nusu ya gharama niliyotajiwa mwanzo.

Kondensa ya zamani niliizamisha kwenye beseni la maji, nikaziba mdomo mmoja na kupuliza mwingine kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yalitoka mahali pawili, kwenye safu ya chini kabisa, pale ambapo nyuma ya bampa palikuwa na tope kavu la chumvichumvi lenye unene wa kidole. Je, kuna ubaya wowote nikipasuuza pale kwa maji ya bomba ya kawaida kila mwezi bila kufungua bampa?

FundiMstaafuTanga amejibu:

Hakuna ubaya. Tumia maji ya mpira wa bustani, injini ikiwa imepoa, na usitumie mashine ya shinikizo, maana inalaza mapezi na hewa haitapita tena.