Mama ameombwa kushiriki utafiti wa dawa ya matende: je, ni haki kupewa vidonge visivyo na dawa?

Mkulima wa Tandahimba

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mama yangu mzazi, ambaye umri wake unakaribia miaka 60, ana matende katika mguu wa kushoto kwa muda mrefu sasa, na kila mwaka mguu huo humlaza mara kadhaa kwa homa, mitoki na maumivu yanayomfanya ashindwe hata kufika shambani. Hivi karibuni timu ya watafiti ilifika kijijini ikiongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ikaeleza kwamba inatafuta wagonjwa watakaokubali kumeza dawa kila siku kwa wiki sita, kisha wafuatiliwe kwa miaka miwili. Kwa mujibu wa fomu ya ridhaa, dawa yenyewe ni doksisaiklini. Wagonjwa watagawanywa kwa bahati nasibu: baadhi watapata dawa hiyo, na wengine watapata vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani, na hata daktari atakayewahudumia hatajua nani amepata kipi. Aidha, wanataka kumtoa damu usiku, kuanzia saa nne.

Mjomba, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye kauli katika jambo kama hili, amekataa. Anasema mgonjwa hapewi kidonge kitupu akaambiwa anahudumiwa, na hiyo damu ya usiku imewakumbusha wazee habari za mumiani. Mama mwenyewe anataka kushiriki. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni kwa nini damu ichukuliwe usiku, na kama kuna haki yoyote katika kumpa mtu vidonge vya namna hiyo.

Muuguzi wa Lindi

Pole kwa mama, na hongera kwa kuisoma fomu kabla ya kutia sahihi.

Nianze na damu ya usiku, kwa kuwa ndiyo inayozua hofu kubwa katika vijiji vyetu vya pwani. Matende husababishwa na minyoo midogo ya filaria inayoenezwa na mbu. Minyoo wakubwa hukaa katika mishipa ya limfu, yaani ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, nao huzaa watoto wadogo mno ambao, kwa aina iliyopo kwetu, mchana hujificha katika mishipa ya damu ya ndani ya mwili, hasa mapafuni, na usiku hutoka na kuzunguka karibu na ngozi, wakati uleule ambao mbu huuma. Anayetaka kuwaona kwa darubini hana budi kuchukua damu kati ya saa nne usiku na saa nane. Kipo pia kipimo cha haraka kinachofanyika mchana kwa matone machache ya damu ya kidole, lakini hicho huonyesha alama za mnyoo mkubwa tu, hakihesabu watoto wake. Ningemshauri mjomba wako awepo damu inapochukuliwa, aone sindano na kichupa kwa macho yake, na aulize kiasi kinachotolewa.

Kuhusu vidonge, swali la msingi ni kama ipo tiba iliyothibitishwa ambayo mama ananyimwa. Ivermectin na albendazole tunazogawa wakati wa kingatiba huua watoto wa minyoo na hivyo kukata maambukizi, lakini hazirudishi mguu uliokwisha kuvimba. Ndiyo maana watafiti wakageukia doksisaiklini. Ndani ya mnyoo wa filaria huishi bakteria waitwao Wolbachia, ambao mnyoo huwategemea ili aishi na azae, na dawa hii huwaua bakteria hao. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana ambapo wagonjwa waligawanywa katika makundi matatu kwa wiki sita: doksisaiklini miligramu 200 kwa siku, amoksilini ambayo ni antibayotiki nyingine, na vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi kumi na miwili, takriban asilimia 44 ya waliopata doksisaiklini walikuwa na nafuu katika uvimbe, wakati katika makundi mengine mawili nafuu hiyo haikufika asilimia 6. Bila kundi la tatu, mtu angeweza kudai kwamba nafuu ilitokana na kuhudumiwa tu. Hata hivyo, utafiti mmoja hautoshi kubadilisha matibabu ya nchi nzima, na zaidi ya nusu ya waliomeza dawa yenyewe hawakupata nafuu hiyo.

Jambo ambalo fomu ya mama ni lazima iliseme ni kwamba makundi yote yatafundishwa na kupewa vifaa vya kutunza mguu. Namaanisha kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, taratibu, bila kusugua. Kukausha kwa kitambaa laini, hasa katikati ya vidole ambako unyevu hubaki na ngozi hupasuka. Kupaka dawa ya fangasi penye mipasuko. Kuinua mguu anapokaa na anapolala. Na kuvaa viatu visivyobana. Homa zinazomlaza mama mara nyingi huanzia kwenye mpasuko mdogo kati ya vidole ambao mtu hauoni kuwa ni kidonda. Kwa hiyo hata atakayepangiwa vidonge visivyo na dawa hataachwa mikono mitupu. Ikiwa utunzaji huo haumo, basi mimi nasimama upande wa mjomba.

Mwalimu Nachingwea

Niongeze kidogo kuhusu bahati nasibu, kwa kuwa watu wengi wa kwetu huiona kama kamari inayochezwa kwa afya ya binadamu. Katikati ya miaka ya 2000, hapa kusini, Taasisi ya Afya Ifakara ilichunguza faida ya kuwapa watoto wachanga dawa ya SP ya malaria wanapopelekwa chanjo. Wilaya tano zilihusika, yaani Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba kwenu, na tarafa 12 kati ya 24 zilichaguliwa kwa bahati nasibu kuanza utaratibu huo. Kama watafiti wangejichagulia tarafa zilizo karibu na barabara nzuri na hospitali, tofauti yoyote ambayo ingeonekana ingeweza kuwa ya barabara, wala si ya dawa.

Mfano mwingine ni mzito zaidi, na ningependa wazee wausikie. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtoto mahututi mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu anapaswa kupewa maji mengi ya dripu kwa haraka. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2011, ulionyesha kinyume: ndani ya saa 48 walifariki watoto 10 hadi 11 katika kila 100 waliopewa maji hayo kwa haraka, na 7 katika kila 100 ambao hawakupewa. Kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ndiyo iliyosimamisha utafiti kabla ya muda wake. Aliyepangiwa kutopewa ndiye aliyekuwa salama zaidi, na hakuna daktari aliyejua hivyo mwanzoni. Kwa hiyo tusidhani kwamba atakayepata dawa ndiye mwenye bahati na mwenzake amepunjwa.

Mfamasia wa Mikindani

Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini naona mjomba anatetewa kidogo mno. Shaka yake ina msingi. Utafiti wa dawa kwa binadamu hapa nchini unapaswa kuwa na kibali cha maadili cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na familia ina haki ya kuonyeshwa namba za vibali hivyo. Mama abaki na nakala yake ya fomu, yenye simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Kama hasomi, aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na huduma yake ya kawaida katika zahanati isiguswe. Ulizeni pia ni nani atagharamia matibabu iwapo atadhurika, na kama walio katika kundi la vidonge visivyo na dawa watapewa dawa yenyewe endapo itathibitika kufaa. Hilo la mwisho lijibiwe kwa maandishi. Watafiti huondoka na takwimu, mgonjwa hubaki na mguu wake.

Kuna jambo la vitendo pia. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na huunguza koo ikimezwa kwa maji kidogo au mtu akilala mara baada ya kuimeza. Je, wiki hizo sita zitaangukia wakati wa kuokota korosho, mama akiwa juani tangu asubuhi? Ikiwa ndivyo, aombe apangiwe kuanza baadaye, au ajiandae kwa nguo ya mikono mirefu na kofia pana.

Mkulima wa Tandahimba

Nawashukuru sana. Nimemsomea mjomba majibu yote, na amekubali kukutana na watafiti akiwa na maswali ya mfamasia mkononi. Binamu yangu sasa ameleta hoja nyingine: kama doksisaiklini inauzwa katika maduka ya dawa, kwa nini tusimnunulie mama tukaachana na utafiti?

Muuguzi wa Lindi

Tafadhali msifanye hivyo. Wiki sita za antibayotiki bila mtu wa kumpima kabla na kumfuatilia baadaye ni hatari kwake, na matumizi ya namna hiyo ndiyo yanayozalisha usugu wa dawa ambao tayari unatusumbua wodini. Tena, akijiunga na utafiti huku anameza nyingine nyumbani, anaweza kuwa anameza dozi maradufu, na matokeo yake yatapotosha hesabu ya wote. Akiamua kutoshiriki, mpelekeni kituo cha afya afundishwe kutunza mguu na achunguzwe mipasuko ya vidole. Akiamua kushiriki, awaambie watafiti dawa zote anazotumia, pamoja na siku aliyomeza kingatiba mara ya mwisho, na homa ikimpanda mguu ukawa wa moto asisubiri siku yake ya miadi, bali apige simu iliyo kwenye fomu siku hiyohiyo.