Kibanda cha sola cha kuchaji simu na kuchapa nyaraka: vifaa vya ukubwa gani?

Mwuliza swali
Wakuu, salaam. Kikundi chetu kinataka kufungua kibanda cha huduma mahali ambapo umeme wa gridi haujafika: simu 40 kwa siku, laptopu moja kwa saa 6, printa, na taa mbili za jioni. Tutanunua vifaa mara moja tu, hatuwezi kubahatisha. Naombeni hesabu, na mtuambie ni nini huua vibanda vya aina hii.

fundi_jua
Anza na mzigo. Simu yenye betri ya mAh 4,000 ni kama wati-saa 15 (wati mara saa, kipimo cha nishati). Pamoja na upotevu weka 20. Simu 40 ni 800. Laptopu ya wati 50 kwa saa 6 ni 300. Taa na printa zipeni 100. Jumla wati-saa 1,200 kwa siku.

Paneli: gawa 1,200 kwa saa 5 za jua kali, halafu kwa 0.7 ya upotevu. Unapata wati 340 hivi, chukua 400. Chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) iwe ya ampea 40 kwa mfumo wa volti 12. Betri: 1,200 gawa kwa volti 12 ni Ah 100 (ampea-saa, ujazo wa betri). Ya asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo zidisha mara mbili, Ah 200. Msinunue betri ya gari: sahani zake nyembamba ni za kuwasha injini kwa sekunde chache, mkiishusha kila siku itakufa mapema mno.

Printa iwe ya wino. Ya leza inapopasha joto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na inveta ndogo (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa kama wa gridi) hujizima hapo hapo.

waya_mnene
Hesabu ya mkuu hapo juu iko sawa, ila simu zisipite kwenye inveta. Inveta inayokula wati 10 bila mzigo, ikiachwa usiku na mchana, inameza wati-saa 240, yaani simu 12. Tumieni chaja za USB za volti 12, inveta iwashwe wakati wa kuchapa tu.

Waya ndipo wengi wanapobania pesa. Waya wa milimita za mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukipitisha ampea 30 unapoteza volti 2. Betri haijai kamwe, na ya asidi inaota salfa, utando unaoganda kwenye sahani na kupunguza ujazo. Kontrola ikae karibu kabisa na betri, fyuzi iwe jirani na ncha chanya. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume chake.

mtunza_hesabu
Kinachoua ni kula pesa ya kununulia betri mpya. Bei ya betri igawe kwa chaji itakazotoa: ikidumu mizunguko 500 ya kujaa na kushuka, kila mmoja simu 40, ni chaji 20,000. Jibu la kugawa huko ndilo litolewe kwenye kila chaji, na kila jioni liende akaunti inayohitaji sahihi mbili.

Pia msitegemee chaji peke yake. Kaya zikinunua paneli zao ndogo, wateja hao wanapungua. Laptopu ndiyo yenye thamani: fomu za serikali, barua za maombi, na kukusanya oda za wazalishaji wadogo ili wauze kwa pamoja. Na kijana wa hapo hapo afundishwe kupima volti na kubadili fyuzi, ujira wa ukarabati ubaki kwenu.

Mwuliza swali
Shukrani sana. Je, tukichagua lithiamu?

fundi_jua
Ah 150 zinatosha, maana inaruhusu kutumia hadi asilimia 80 ya ujazo wake. Hakikisheni kontrola ina mpangilio wa lithiamu.