Ukuta wa bafu kabla ya marumaru: dawa ya kwenye lipu, ya kupaka, au lami?

Kigamboni_Site: Wakuu, fundi wa marumaru anaanza Jumatatu. Bafu limepakana na chumba cha kulala. Nichukue ipi kuzuia maji?

Nondo12: Tofali za saruji au za kuchoma? Lipu imepigwa? Ina siku ngapi? Shawa iko kona ipi?

FundiLipu: Dawa ya unga ndani ya lipu, kilo 1 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Nafuu, na haibanduki.

MchangaMto: Lipu ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji yanapita hapohapo, dawa iwemo isiwemo. Chukua ya kupaka yenye saruji, ile ya unga na maji yake.

Kigamboni_Site: Tofali za saruji, lipu ina siku tano. Shawa ipo kona ya chumba, mita 1 kwa 1.5. Jirani ananishauri lami, anayo ndoo imebaki.

Nondo12: Lami usiguse! Kuna bafu lilipakwa lami ukuta mzima, marumaru zikabandikwa kwa saruji. Saruji haishiki kwenye lami. Zilikaa kwa kuwa zimeegemeana, maji ya moto yakalainisha lami, safu ya chini ikateleza, za juu zikafuata. Kuikwangua ikashindikana, ikabidi lipu yote ibomolewe.

MchangaMto: Kuta mbili za kona yako jumla ni mita 2.5, ukipanda hadi mita 2 ni mita za mraba 5. Unene wa milimita 2 unakula takriban kilo 3 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 15. Sakafu ihesabu kando. Lowanisha ukuta, usiache maji yanayotiririka. Mkono wa kwanza wima, wa pili mlalo ukishakauka. Kwenye kona na matundu ya mabomba zamisha wavu wa nyuzi katika mkono wa kwanza. Hapo ndipo panapovuja.

FundiLipu: Na mchanga ukiwa wa baharini? Chumvi itasukuma hata hiyo ya kupaka.

Nondo12: Kweli, ndiyo maana mchanga wa pwani haufai kwa lipu. Ulichukua wapi?

Kigamboni_Site: Dereva wa lori alisema wa mto. Jumatatu je?

MchangaMto: Siku tano bado, lipu inanywea. Mwagilia hadi siku saba, kisha iache ikauke.

FundiLipu: Fundi akishalipwa nauli hasubiri. Aanzie jikoni.