Mwili umerudi, karatasi inasema "moyo ulisimama". Tuzike tu?

Bint Kisauni (mleta mada)

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Swali langu ni hili: raia wetu akifia ugenini katika hali ya kutatanisha, serikali yetu ianzie wapi kudai haki yake? Nina jibu langu na nitalisema wazi. Anayeona nimekosea anisahihishe kwa hoja.

Mwaka jana tulimpokea mtoto wa mama yangu mdogo kutoka Saudi Arabia. Alikuwa shagala huko, yaani mfanyakazi wa nyumbani, kwa mwaka mmoja na miezi 4. Kwa siku 43 tulipigwa danadana na ajenti aliyempeleka, leo tunaambiwa kibali bado, kesho simu haishikwi. Sanduku likafika sehemu ya mizigo ya uwanja wa ndege alfajiri. Nje mbao, ndani bati lililochomelewa pembe zote. Kijana wa ghala akamwomba baba mdogo kitambulisho, akamwonyesha pa kutia sahihi, kwenye daftari lile lile la wanaopokea vipuri vya magari. Sanduku lilikuja na karatasi mbili, moja ya Kiarabu na nyingine tafsiri yake. Sababu ya kifo: kusimama kwa moyo na pumzi. Mstari mmoja. Alikuwa na miaka 26.

Adhuhuri tulikuwa tumeshamzika. Hakuja polisi, hakuna daktari aliyemtazama, wala hakuna aliyetuuliza kama tunataka atazamwe. Waliouona mwili wake ni wanawake watatu waliomwosha, na mwosha maiti, mnajua, anachokiona hukisitiri. Mmoja wao ni jirani yetu. Kwa miezi alikuwa akinisalimia huku macho yako chini. Siku moja tukiwa jikoni kwetu alinigeuza taratibu, akaweka kidole nyuma ya bega langu, akakishusha mpaka mbavuni. "Hapa mpaka hapa," akasema. Hakuongeza neno, nami sikumlazimisha.

Kusimama kwa moyo si sababu ya kifo. Kila anayekufa moyo wake husimama, awe ameugua, ameanguka au amepigwa. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika miaka ya 2020 na 2021. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa nyumbani, na sababu iliyorudiwarudiwa ni hiyo hiyo ya moyo. Hawa si wazee. Ni wasichana waliopimwa afya kabla ya kupanda ndege, wakapewa cheti kwamba wako wazima.

Habari kama hizi zikitoka, wengi husema wasichana wasiende tena. Kenya ilisitisha safari hizo mwaka 2014, Uganda ikafanya hivyo mwaka 2016. Watu wakapitia nchi jirani, tena bila majina yao kuandikwa ubalozini. Mimi nasema tuanze na mwili, kwa sababu mwili ndio ushahidi pekee unaovuka mpaka na kuja mpaka mlangoni kwetu.

Sikulibuni mimi jambo hili. Mei 1979 muuguzi Mwingereza, Helen Smith, alikutwa amekufa Jeddah, chini ya jengo la ghorofa palipokuwa na sherehe. Saudi Arabia ikasema ameanguka kutoka roshani. Babake, aliyewahi kuwa polisi, akakataa kumzika. Afisa wa kuchunguza vifo wa kule kwao alikataa kufungua uchunguzi kwa sababu kifo kilitokea nchi nyingine. Baba akaenda mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba mwili ukishafika katika eneo la afisa huyo, wajibu ni wake, hata kama mtu amefia upande wa pili wa dunia. Uchunguzi ukafanyika Leeds. Jopo halikuweza kusema aliuawa au alianguka, na mwili ukakaa mochari mpaka mwaka 2009. Baba huyo hakupata jibu alilolitafuta, ila aliwaachia wenzake njia: Mwingereza akirudishwa maiti na kifo chake kina shaka, uchunguzi unafunguliwa nyumbani. Familia haihitaji kuomba wala kuwa na jamaa wizarani.

Nataka hiyo hiyo kwetu. Mwili wa mtu aliyekufa ghafla ughaibuni uonwe na daktari wa serikali kabla ya mazishi, hakimu afungue uchunguzi wa kifo, na matokeo yapelekwe Riyadh, Muscat au Beirut kama ombi rasmi la kisheria. Vyombo tunavyo. Kenya ina sheria ya kusaidiana na mataifa mengine katika kesi za jinai tangu 2011, Tanzania tangu 1991. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mabalozi wadogo, ibara ya 37, unailazimu nchi mwenyeji kuuarifu ubalozi bila kuchelewa pale raia anapofariki. Lakini tukiandika barua isiyo na ushahidi ndani yake, tutajibiwa kwa pole na kwaheri.

Wakili wa Mtaa

Pole sana dada kwa msiba. Nakuunga mkono nusu.

Uchunguzi bila mamlaka ya kushtaki utaishia kabatini. Wafaransa wameandika katika kanuni yao ya adhabu, ibara ya 113-7, kwamba Mfaransa akifanyiwa jinai kubwa popote duniani, sheria ya Ufaransa inamhusu mtendaji hata akiwa mgeni. Sheria zetu za jinai zinatazama zaidi kosa limetendeka wapi. Matokeo yake balozi wetu huenda kuomba tu, kwa kuwa hana hati ya mahakama ya kumwonyesha mtu.

Angalia kesi ya Agnes Wanjiru, Mkenya anayedaiwa kuuawa na wanajeshi wa Uingereza. Aliuawa Nanyuki Machi 2012, mwili ukakutwa ndani ya tangi la maji taka la hoteli. Uingereza ina sheria tangu 1861 inayoiruhusu kumshtaki raia wake kwa mauaji aliyoyafanya nchi yoyote, na haikuitumia. Kesi ilisogea Septemba 2025, Mahakama Kuu Nairobi ilipotoa hati ya kumkamata aliyekuwa mwanajeshi wa Uingereza. Hati ina meno. Ripoti ya daktari peke yake haina.

Bint Kisauni

Wakili, ahsante. Ila kumbuka Wanjiru aliuawa kwetu, mamlaka ya kushtaki tulikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na bado miaka ikapita kimya. Kilichofufua kesi ile ni hakimu aliyefanya uchunguzi wa kifo na kuamua mwaka 2019 kwamba aliuawa, na waliomuua ni wanajeshi wa Uingereza. Bila uamuzi ule, hati ya 2025 ingesimama juu ya nini? Sheria ya Kifaransa siikatai, tuitunge. Lakini mwajiri wa ndugu yangu hataletwa Mombasa, kwa kuwa nchi nyingi hazitoi raia wao wakashtakiwe kwingine. Itabidi tuwasukume wao wenyewe wamshtaki, na hapo ndipo ripoti inapohitajika.

Mzee wa Narok

Wanangu, mnaongea kama kwamba uovu uko ng'ambo tu. Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa kijana huko Maasai Mara wakati Julie Ward alipouawa, Septemba 1988. Mgeni aliyekuja kupiga picha za wanyama, miaka 28. Babake alifunga safari kutoka Uingereza kumtafuta, na kilichopatikana ni kipande cha mguu na kipande cha taya, vimeungua. Serikali yetu ikasema wanyama. Daktari aliyeyatazama mabaki aliandika kwamba yamekatwa kwa kitu chenye makali. Mkubwa wake akayabadilisha maneno yale kwenye ripoti ili ilingane na hadithi ya wanyama.

Hebu fikirini mngekuwa nyinyi mmetumiwa karatasi ile Kisauni. Mngeisoma, mngelia, mngezika.

Babake Julie hakuikubali. Alipeleka mabaki kwa bingwa wa kwao, akarudi nayo majibu, na mwaka 1989 uchunguzi wa kifo Nairobi ukakubali kwamba binti aliuawa. Wapelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, wakaja mwaka 1990. Askari wawili wa mbuga wakashtakiwa, wakaachiwa 1992. Mkuu wao akashtakiwa, akaachiwa 1999. Baba alikuja Kenya zaidi ya mara 100, akafariki 2023 hakuna aliyefungwa. Kwa hiyo binti yangu, nakubaliana nawe kuhusu mwili, lakini usidhani daktari wa serikali ni malaika. Na siku wao wakituomba faili la mtu wao, tulitoe bila kulifuta neno. Vinginevyo tutadai kwa uso gani?

Mtoto wa Tanga

Mada nzito. Mimi swali langu ni la dini, na naliuliza kwa heshima. Huku kwetu maiti akifika, kila mtu anahimiza kaburi. Watu watakubalije binti yao, ambaye keshakaa siku 43 kwenye barafu, akatwekatwe tena? Mimi marehemu kaka yangu alifia Muscat, na baba alisema kabisa, "Mwanangu asiguswe." Nani angemvunjia neno lake? Ukiifanya lazima, mtapata watu wanaopitisha miili kwa njia za panya. Iwe hiari ya familia.

Shagala Mstaafu

Mimi nimefanya kazi Riyadh miaka 6, nikabadilisha nyumba mara 3. Nyumba mbili walikuwa watu wema, nasema ukweli mbele ya Mungu. Ya tatu walinichukulia pasi na simu, na nilikuwa nalala nimebana mgongo mlangoni.

Mnaloliacha ni hili. Kule kwenye kesi ya kuua, warithi wa marehemu wana sauti. Wao ndio huulizwa: mnataka kisasi, mnataka diya (fidia ya damu), au mnasamehe? Sisi hilo tunalijua vizuri, maana Julai 2025 Mkenya aliyehukumiwa kifo kule kwa kumuua mfanyakazi mwenzake, mtu wa Yemen, aliachiwa baada ya diya kulipwa. Nchi nzima ilijua. Familia ya Myemeni ilisikilizwa miaka yote ile. Sasa niambieni, ni mama gani wa Kilifi au wa Kakamega amewahi kuketishwa akaulizwa anataka nini? Haulizwi, kwa sababu karatasi ya mwanawe imeandikwa maradhi. Hakuna muuaji, kwa hiyo hakuna warithi.

Na wasitwambie haiwezekani. Februari 2021 mahakama ya Riyadh ilimhukumu kifo mama mwenye nyumba aliyemuua mfanyakazi wake wa Bangladesh. Wenzetu walikaza wakasikilizwa.

Bint Kisauni

Dada yangu Shagala, umenifungua macho. Sikuwa nimeliona kwa upande wa warithi. Kumbe ule mstari mmoja wa Kiarabu unaficha chanzo cha kifo na pia unamnyima mama mdogo nafasi yake mbele ya kadhi wa kule. Hilo lazima liingie kwenye madai yetu: familia ielezwe haki hiyo kwa maandishi, na ubalozi usimamie wakala wa kuwawakilisha.

Mzee wangu wa Narok, shikamoo. Nimekubali, na imeniuma. Ndiyo maana nasema hakimu, asiwe daktari peke yake, na familia iwe na ruhusa ya kuleta daktari wake akae chumbani. Ripoti zitoke nakala mbili siku hiyo hiyo, moja mkononi mwa familia kabla mkubwa yeyote hajaigusa.

Ndugu wa Tanga, Mungu amrehemu kakako. Swali lako ndilo gumu kuliko yote, na sitalirukia. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu duniani, lilikutana Makka mwaka 1987 likaruhusu upasuaji wa maiti pale inapohitajika kujua kama pana jinai, kwa kiasi cha haja na kwa kumstahi marehemu. Wametoa rai hiyo wakiwa huko huko anakotujia maiti wetu. Na si kila mara itafika kisu. Kuutazama mwili kwa macho, kupima michubuko, kupiga picha na eksirei ya mifupa, hilo ni jambo la asubuhi moja. Dawa ya kuhifadhia maiti huvuruga vipimo vya sumu, kweli, lakini mbavu iliyovunjika haifichwi na dawa. Kwa hivyo kutazamwa kuwe lazima. Kupasuliwa kuamuliwe na hakimu baada ya kuisikiliza familia, na sheikh wao akiwepo. Babako angekataa hilo la kwanza? Nauliza kweli, sijui.

Wakili, nisaidie kuiandika rasimu. Tuanze na mbunge wa kwetu, hata kwa ukurasa mmoja.

Wakili wa Mtaa

Nitaandika, Jumapili itakuwa tayari. Nina swali moja, na unisamehe. Kaburi la mdogo wako, mmefikiria kuomba amri ya mahakama lifukuliwe?

Bint Kisauni

Nilimuuliza mama mdogo. Alinyamaza muda mrefu akichambua mchele, kisha akasema hapana. Nimemheshimu, sitamrudia.

Karatasi ninayo. Nimeipeleka kwa maalimu mmoja asomaye Kiarabu vizuri, akanionyesha nambari ya jalada la polisi kwenye kona ya chini, ambayo tafsiri tuliyopewa haikuwa nayo. Kwa hiyo kule kuna faili. Mwenye karatasi kama hiyo nyumbani, hata kama ni ya miaka mingi, aangalie kona ya chini, na asiyejua kusoma aniletee. Maalimu amesema hatozi mtu pesa.